Waranti Inaisha Tarehe Thelathini

Nansio, 3 Juni 2024

Dada Zakia,

Shikamoo. Mama anakusalimu, goti limepungua uvimbe tangu aache kuinama kuanika dagaa. Mimi mzima. Mgonjwa ni pikipiki, na ndiyo sababu naandika.

Usishangae barua. Simu yako unaiacha juu ya kaunta pale kazini, ikilia kila mtu anasoma jina, na mimi mwezi huu sitaki bosi wako Rasik wala yule fundi wake waone jina langu. Hii nimempa Teodora wa machungwa, anavuka na feri kila siku mbili tatu, atakupa mkononi. Nimeifunga kwa gundi ya kuzibia tairi. Ikifika imefunguka niambie, nitajua tu ni nani.

Ni giaboksi. Alhamisi gia ya tatu ilianza kutoka yenyewe, nikadhani mguu wangu. Jumapili ukaingia mlio, kama mtu anatafuna mchanga. Nimemwaga oili nikakuta vipande vya chuma vinang'aa. Unanijua, mkono uliniwasha kufungua, lakini sijafungua kwa sababu waranti bado ipo. Inaisha tarehe 30 mwezi huu.

Mkataba wangu na Mzee Machibya unaujua. Pikipiki yake, naendesha, nampelekea hesabu kila wiki, Septemba inakuwa yangu. Ila karatasi inasema ikilala mbovu mpaka mwisho wa mwezi anaichukua anampa mwingine, na miezi yangu tisa imekwenda na maji. Ameniambia atakuja tarehe 30 jioni aisikilize mwenyewe. Giaboksi nzima mimi siwezi kununua. Bila waranti nimekwisha, ndiyo hivyo.

Sasa shida. Ile pikipiki uliyonidhamini dukani kwenu haifanani tena na ilivyotoka. Nimeweka eksozi nyingine, ile ya mlio mzito. Sproketi ya nyuma, ile inayovutwa na mnyororo, nimeweka kubwa kwa ajili ya vilima. Keria nimeiongeza kwa kuchomelea, inabeba magunia matatu ya dagaa na mtu. Na taa nne. Zote nimefunga mwenyewe, nimejifunza kwenye simu usiku mmoja mmoja, na zimekaa vizuri kuliko za fundi yeyote hapa Nansio.

Usiwe na wasiwasi. Kijiweni kwetu kuna gunia. Ndani kuna eksozi ya kiwandani, sproketi ya kiwandani, keria, mpaka saiti mira. Mtu akienda Mwanza kwenye waranti anaivua pikipiki yake, anaivalisha za kwenye gunia, akirudi anarudisha. Maige ameshaenda nazo. Shigela naye. Hakuna aliyeshtukiwa.

Nakuja nayo Jumamosi. Wewe jifanye hunijui sana. Na usimwambie mtu, hata yule rafiki yako wa duka la jirani anayecheka kila kitu.

Mdogo wako,
Yassin

*

Kirumba, 5 Juni 2024

Mdogo wangu Yassin,

Marahaba. Nimefurahi kusikia goti la mama. Mwambie dawa nimempa Teodora, ile ya kuchua, asiinywe kama mara ile.

Barua imefika haijafunguliwa na mtu, na mimi nusura nishindwe. Gundi yako imenivunja kucha, nimemalizia na kisu cha vitunguu.

Sasa nisikilize vizuri. Nimekaa kaunta hii mwaka wa nne. Watu wanaleta pikipiki zimebadilishwa kila siku, nyingine huwezi hata kujua zilikuwa za rangi gani. Revocatus, ambaye ndiye fundi wa waranti, anaandika alichokikuta, anaangalia kilichoharibika, na kile ambacho hukukiharibu wewe kinatengenezwa. Anayebadilisha haogopwi. Anayeficha ndiye Rasik anamfutia kila kitu. Ilete kama ilivyo, na hiyo keria yako ya kubebea ukoo mzima. Kuna fomu, unaandika nilibadilisha hiki na hiki kabla fundi hajafungua, unasaini, yamekwisha.

La gunia sijalisikia. Na sitaki kulisikia tena, maana mimi ndiye ninayepokea hizo pikipiki.

Dada yako,
Zakia

*

Nansio, 10 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na yule paka wa jirani ameacha kulala juu ya nguo zako. Mama dawa ameipaka. Ameonja kidogo.

Najua ulisema niilete kama ilivyo. Ijumaa nzima niliiwaza. Mwishowe nikajiuliza, kwa nini dada yangu anataka nijitangaze kwa bosi wake? Anatetea nani? Nisamehe, ndivyo nilivyowaza. Nikaivalisha za kwenye gunia.

Uliniona Jumamosi. Umenipokea kama mteja wa Geita: "Jina? Namba ya simu? Tatizo?" Umeniandikia fomu ya mapokezi namba 391, umenichania nakala yangu, hata hujanitazama. Hapo ulicheza vizuri. Lakini yule Revocatus. Aisee. Sijawahi kuona fundi asiyeongea. Akachuchumaa kwenye eksozi akaigusa kwa kidole, hivi, polepole, kama anapima uji kama umepoa. Halafu akageuka akakutazama wewe. Na wewe ukatazama kalenda.

Kwa nini ulitazama kalenda?

Halafu nikiwa natoka nageuka nyuma, unampelekea chai. Mikono miwili. Tangu lini unampelekea chai?

Sisemi kitu. Nauliza tu. Usingizi sina, nalala nimeshika ile nakala ya 391 kama hirizi. Kijiweni Maige ananiuliza kila saa gunia lake linarudi lini, maana eksozi ile ni ya kwake, na ana safari.

Mdogo wako,
Yassin

*

Kirumba, 14 Juni 2024

Yassin,

Natumaini mko wazima wote. Mimi kichwa kinauma tangu jana, na kwenye barua yako mwenye makosa ni wewe, kwa hiyo kaa chini usome.

Revocatus nampelekea chai kila siku saa nne, yeye na mlinzi na Rasik mwenyewe. Ndiyo kazi yangu. Kalenda nilitazama ili nisikutazame wewe, jasho linakutoka mpaka kwenye soksi.

Jana wamesimamisha madai yako. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Revocatus ana tabia yake ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siijui. Kila eksozi ya waranti inayopita mikononi mwake anaipiga kidoti kimoja kwa ncha ya chuma, chini, pale inapoungana na injini. Anasema zamani alifanya kazi mahali walikuwa wanamrudishia kifaa kilekile mara mbili wakidai ni kingine. Basi ya kwako aliifungua ili apige kidoti. Akakuta viwili vipo tayari; kimoja huwa anadhani amesahau, viwili hapana. Akapiga cha tatu, akaibeba mpaka ofisini akamwekea Rasik mezani juu ya magazeti.

Rasik akavaa miwani. Akaniita.

"Zakia, hii eksozi imekuja hapa mara tatu?"

"Sijui, bosi."

"Mara tatu, pikipiki tatu. Eksozi inasafiri kuliko mimi." Akamgeukia Revocatus. "Hii safari ya mwisho. Inabaki hapa. Na pikipiki ya huyu kijana isiguswe mpaka aje aniambie ya kwake iko wapi."

Hakucheka. Angecheka ningepata pa kuanzia.

Dada yako,
Zakia

*

Nansio, 15 Juni 2024

Zakia,

Kidoti. Yaani nikubali kwamba mtu mzima anapiga vidoti kwenye eksozi za watu na wewe miaka minne hapo hujawahi kukiona hata kimoja.

Maige amekwenda na eksozi hiyo mwezi wa pili, Shigela mwezi wa nne, wote wamerudi wanaimba. Mimi nimekwenda, ambaye dada yangu yupo kaunta, mimi ndiye nimekamatwa. Kijiwe kizima kinaniuliza, gunia alikuwa analijua nani Mwanza? Na mimi nimemwambia mtu mmoja tu Mwanza. Tena kwa maandishi, mjinga mimi.

Unajua wananifanyaje? Nikifika wananyamaza. Shigela jana ameondoa pikipiki yake pembeni yangu akaiegesha ng'ambo ya barabara, juani, ilimradi asikae na mimi. Wanadhani nimewauza ili nipendelewe. Na mimi nadhani umeniuza wewe ili kazi yako ikae salama. Sasa hapo nani amwamini nani?

Siku kumi na tano zimebaki. Sitaki maelezo marefu. Nijibu neno moja. Ulimwambia Rasik au Revocatus kuhusu gunia, ndiyo au hapana?

Yassin

*

Kirumba, 19 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hata salamu hukuiandika. Mimi nakusalimu. Mama unisalimie pia.

Hapana.

Nilitaka niishie hapo, nikupe neno moja kama ulivyoagiza, ukae nalo. Lakini siku zinakwenda na mimi nimeshaudhika vya kutosha, sitaki kuudhika mara mbili ukipoteza na pikipiki.

Nimekunakilia ukurasa wa kitabu cha waranti. Kitabu hicho nilikupa siku unaichukua ukakiweka chini ya mguu wa meza ya mama, nilikiona Idi. Kinasema hivi, kwa Kiswahili chetu: kifaa ulichobadilisha mwenyewe hakina waranti, na kitu kilichoharibiwa na hicho kifaa hakina waranti. Vingine vyote vinabaki na waranti yake. Basi. Hakuna mahali kimesema ukifunga taa nne giaboksi inakufa na haki yako. Mstari wa chini unasema mteja akificha mabadiliko, dai lote linafutwa. Umekwenda mguu kwa mguu ukajitia kwenye mstari wa chini.

Jana nilimwingilia Rasik ofisini amemaliza kula, ndiyo saa yake ya kusikia watu. Nikamwambia giaboksi ile ni ya kwetu, Revocatus mwenyewe amesema nyingine mbili za toleo lile zimekuja na mlio uleule. Akasema: "Giaboksi nakubali. Mwongo sikubali. Aje na vitu vyake vyote, eksozi, sproketi, keria, taa, tuvipange hapa chini. Aandike kwa mkono wake. Revocatus afungue yeye akiwepo. Kama kosa letu, letu. Kama lake, abebe." Nikamuuliza kuhusu wale wengine wawili. Akasema hao atawasubiri, watakuja wenyewe na huduma ya kilomita elfu kumi.

Halafu akasema ataangalia faili lako, kama kuna fomu ya kutangaza mabadiliko, maana bila hiyo hata yeye mikono imefungwa, kampuni haitakubali. Karatasi hiyo niachie mimi. Usiniulize.

Njoo kabla ya tarehe 28.

Dada yako,
Zakia

*

Kirumba, 24 Juni 2024

Yassin,

Uhali gani? Teodora anaapa barua amekupa mkononi Alhamisi, ukaiweka mfukoni bila kufungua. Simu yako haipatikani siku ya tatu. Mama nimempigia anasema unatoka asubuhi kwa miguu.

Kama umekasirika kasirika hukuhuku Mwanza, ukiwa na eksozi mkononi. Rasik ameniuliza mara mbili. Mara ya pili amesema pikipiki inamkalia nafasi.

Zimebaki siku sita.

Dada,
Zakia

*

Nansio, 25 Juni 2024

Dada Zakia,

Shikamoo. Nina afya, njaa kidogo. Barua yako ya tarehe 19 nimeisoma Jumamosi tu, nilikuwa naiogopa. Lile neno lako moja limeniweka macho, maana sijui kulisoma. Mtu aliyeuza angeandika hapana. Mtu ambaye hakuuza naye angeandika hapana.

Simu haipatikani kwa sababu anayo Maige. Ngoja nikueleze.

Nilipotaka kuchukua vitu vyangu nilikuta havipo. Nilikuwa nimeviacha kijiweni, kwenye banda la vipuri. Maige amevibeba kwake vyote. Nikamfuata. Amekaa mlangoni ananyoa ndevu na kioo cha saiti mira, hata hakugeuka.

"Eksozi yangu iko kwa Mhindi, bosi wa dada yako," anasema. "Ya kwako iko kwangu. Tatizo liko wapi?"

"Maige, nikikosa hiyo eksozi Machibya anachukua pikipiki."

"Na ukipewa, utaandika. Umeitwa ukaandike, nimesikia. Ukianza kuandika jina langu ni herufi tano tu, halikuchoshi."

Nikamwambia naandika ya kwangu tu. Akacheka. Siku ya kwanza akanishikia simu iwe rehani. Siku tatu nimekwenda kwake asubuhi kwa miguu, siku tatu ananiambia njoo kesho. Jana Shigela naye alikuwepo, wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe mbele yangu kama mimi ni mbuzi. Wananipa vitu vyangu, wanabaki na simu yangu mpaka nirudi, na nikirudi wanataka kuiona nakala ya nilichoandika. Nimekubali. Ningefanyaje.

Nakuja Alhamisi tarehe 27 na feri ya asubuhi. Niambie mapema kama ni mtego. Hapana, usiniambie, barua haitawahi.

Ile karatasi uliyosema nikuachie, karatasi gani?

Mdogo wako,
Yassin

*

Nansio, 1 Julai 2024

Dada,

Shikamoo sana. Umeamkaje? Mgongo? Alhamisi nilikuona unaushika ukisimama. Mama mzima, amecheka leo.

Siku ile hatukuweza kuongea, Rasik alikuwa kila mahali. Kwa hiyo nakuandikia mambo ambayo wewe ulikuwa nje ya mlango huyaoni.

Vitu vyangu wamevipanga sakafuni kwenye boksi lililokunjuliwa, kama mnada. Nikaandika karatasi yangu, ukurasa mmoja na nusu, sikutaja mtu. Revocatus akafungua injini. Mimi namshikia taa. Nilitaka kuongea nikaona mikono yake inavyokwenda nikasogeza taa karibu, ile si kazi ya kujifunzia kwenye simu. Akatoa beringi ya giaboksi akaniwekea kiganjani. Kikombe chake kimepasuka kwa ndani, ufa wa zamani, umeshaanza kutu. Hilo ndilo neno la kwanza nimemsikia akisema: "Huu umezaliwa nao." Halafu akatoa klachi, sahani zimeungua nyeusi kama mkate. "Hii umeiua wewe. Sproketi kubwa, magunia matatu." Nikasema ndiyo. Giaboksi yao, klachi yangu. Nikamwambia hata mimi ningegawa hivyohivyo.

Nikajua yamekwisha. Rasik akaja na faili. Akaweka karatasi mbili kwenye meza ya vifaa, yangu niliyoandika asubuhi, na fomu ya kutangaza mabadiliko. Eksozi, sproketi, keria, taa nne, na kwamba eksozi niliyokuja nayo ni ya kuazima. Mwandiko wako. Tarehe 7 Juni. Siku moja kabla sijaileta.

Dada, damu ilinipanda. Nikasema kumbe. Kumbe aliandika yote kabla sijafika, halafu akanitazama ana kwa ana akaniuliza jina langu. Kama Rasik angeniuliza hapohapo ningesema kila kitu, na gunia, na Maige, na wewe.

Lakini alikuwa anafuta miwani. Anaifuta polepole sana yule mzee. Na mimi jicho halitulii, likaenda juu kulia kwenye namba ya fomu. 407.

Mimi ile 391 nimelala nayo wiki tatu. Kitabu ni kilekile, fomu zinafuatana. 407 haiwezi kuandikwa siku moja kabla ya 391. Umeiandika juzijuzi ukarudisha tarehe nyuma. Ungekuwa umeniuza mapema usingehitaji kuighushi; hukusema kitu kwa mtu. Na chini umeweka saini yangu, ambayo mimi sijawahi kuweka saini kama ile maishani, ina mkia kama ya mwalimu mkuu.

Rasik akavaa miwani. Akaangalia karatasi moja, akaangalia nyingine.

"Hii saini ya kwako?"

"Ya kwangu."

"Mbona hazifanani?"

"Ile nilisaini nimesimama, nimeweka karatasi kwenye tenki. Injini ilikuwa inatetemeka."

Akaishika fomu akaisogeza karibu na uso, na nikaona anaanza kupandisha macho kutoka chini kwenda juu. Nikasema samahani bosi, tarehe nilikosea au? Nikaweka mkono. Ule mkono ulikuwa bado una oili ya giaboksi, nyeusi na chuma ndani yake. Dole gumba likatua juu kulia. Nikaliburuta kidogo.

"Angalia sasa umeichafua," akasema Rasik.

"Nisamehe, bosi."

Akanitazama mimi. Akamtazama Revocatus. Revocatus alikuwa ameinama anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Basi akasema mpe beringi na shafti, mfungie, klachi atafute mwenyewe. Nikapata klachi Kirumba jioni ileile, nikamshikia Revocatus tena taa. Jumamosi nikapanda feri nayo.

Mzee Machibya alikuja jana saa kumi na moja, na kanzu. Akasema washa. Nikawasha. Akainamisha sikio, akasema weka ya tatu. Nikaweka ya tatu, nikazunguka msikiti mara mbili. Akasema haya, akaenda zake kuswali. Mpaka Septemba ni lazima nisiitese.

Maige amesoma nakala mara mbili kutafuta jina lake. Amenipa simu, ila amebadilisha mlio ameweka wake. Eksozi yake hajaidai tena. Shigela bado anaegesha ng'ambo. Huyo sijui anangoja nini, na wewe ukimwona amekuja na huduma ya elfu kumi mwambie atangaze mapema, mimi akisikia kwangu atadhani namtega.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi kwa sababu hii barua lazima uichome, leo, kabla hujaenda kazini, isikae kwenye mkoba. Nitakuja siku ya Jumapili nikuombe kwa mdomo, niandalie kitu cha kula. Rasik anaweza kuhesabu zile fomu siku yoyote. Akihesabu, mimi ndiye niliyekosea tarehe, umenielewa? Mimi. Usijaribu kujibu lingine.

Kuna mama ananipigia makofi ng'ambo ana magunia mawili, anaenda Bukindo. Nimemwambia moja. Anabisha. Naenda.

Mdogo wako,
Yassin